Jiwe Nalo Huvutika (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwenye ukanda wa mpira, ule unaokatwa kwenye tyubu kuukuu na kufungia gunia la maharage nyuma ya baiskeli. Tuliona kwamba ndani ya mpira mna minyororo mirefu ya molekuli iliyojikunja ovyo; ukiivuta hunyooka, ukiiachia hujikunja tena. Msomaji aliyeuvuta ghafla na kuugusisha mdomoni amejionea jinsi unavyopata joto.

Leo tuje kwenye jiwe. Jiwe nalo huvutika, na tena huitii kuliko mpira ile kanuni aliyoichapisha Robert Hooke wa Uingereza mwaka 1678: kadiri unavyozidisha kani, ndivyo urefu unavyoongezeka kwa kiwango kilekile. Tofauti kubwa ni kipimo. Mpira huvutika mara kadhaa ya urefu wake, lakini mwamba ukivutwa sehemu moja katika elfu kumi umekaribia kukatika. Kwa mita moja ya jiwe, hiyo ni sehemu ya kumi ya milimita, jicho haliioni. Kwa kilomita 30 za mwamba, ni mita 3 nzima.

Na uwanda wa Ufipa unavutwa kweli. Simama ukingoni, pale barabara ya Muze inapoanza kuteremka kwenda bondeni Rukwa. Mbele yako, mashariki, ni bonde la Ziwa Rukwa; nyuma yako, ng'ambo ya uwanda, ni bonde la Ziwa Tanganyika. Yote mawili ni matawi ya Bonde la Ufa, na ardhi yake hutanuka milimita chache kwa mwaka. Tukichukua milimita 3 kwa hesabu yetu, miaka 1,000 inatupa zile mita 3. Muda wote huo mwamba haulalamiki. Unaweka akiba kama manati iliyovutwa, na akiba yenyewe haikui taratibu: ukivuta mara mbili, nishati iliyohifadhiwa ni mara nne.

Tarehe 13 Desemba 1910, enzi ya Wajerumani, manati hiyo iliachiwa. Tetemeko la Rukwa lilikuwa na ukubwa wa 7.4, na hakuna lililolizidi Afrika Mashariki katika karne nzima ya 20. Wanajiolojia hulihusisha na ufa wa Kanda, ambao ukingo wake unakatiza uwanda wa Ufipa kama ngazi ndefu. Mwaka huohuo wa 1910, Harry Fielding Reid wa Marekani, akichunguza tetemeko la San Francisco la 1906, alieleza kwamba mwamba hupinda polepole kwa miaka mingi, hukatika ufani, kisha kila upande hurudi ghafla kwenye unyoofu wake. Naona ni maelezo mazuri kuliko yote yaliyopata kutolewa kuhusu matetemeko.

Mbona basi dunia yote haikatiki? Kwa sababu ya joto. Wafua chuma wa Ufipa, waliojenga matanuru marefu yaitwayo malungu, walilijua jambo hili mikononi: chuma chekundu ukikipinda hubaki kilivyopinda, chuma baridi kipinde kidogo kitarudi. Chini sana mwamba ni moto, hupinda bila kukatika. Huku juu ni baridi, na huku ndiko tunakojenga.

Ukuta wa tofali za kuchoma hustahimili kubanwa, lakini ukivutwa hupasuka mara moja. Nondo huvutika na kurudi. Tetemeko la Kagera la Septemba 2016 lilikuwa la 5.9 tu na liliangusha nyumba nyingi. Lile la Rukwa lilitoa nishati karibu mara 180 ya hilo. Kwa hiyo nakuomba wewe unayejenga Sumbawanga mwaka huu: uzungushe mkanda wa zege wenye nondo juu ya kuta zote, si juu ya milango na madirisha peke yake, na usiuache ili kuokoa mifuko michache ya saruji.