Bei ya kilomita, si bei ya lita: Hesabu ya dizeli kwa magari makuukuu mpakani

KATIKA miji ya Busia na Malaba, mazungumzo kuhusu dizeli hayakosi swali moja: ni upande gani wa mpaka ambako lita ni nafuu leo? Wenye magari huulizana bei kabla ya kujaza tangi, na tofauti ya shilingi chache hutosha kumfanya dereva ageuze gari.

Swali hilo lina maana, lakini kwa mwenye gari kuukuu la dizeli linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, si swali la kwanza. Gari la aina hiyo linaweza kupoteza kimyakimya, kwa ubovu mdogo usioonekana, mafuta ya thamani kubwa kuliko nafuu yoyote inayopatikana ng'ambo.

Magari hayo hayajatoweka eneo hili, wala hakuna dalili kwamba yatatoweka karibuni. Toyota Land Cruiser, Land Rover Defender, Isuzu Trooper, Mitsubishi Pajero na Nissan Patrol za miaka ya tisini bado zinahudumia shule, makanisa, zahanati, wakulima na wafanyabiashara. Barabara kuu ya Kisumu hadi Busia, inayopitia Bumala, ni ya lami, lakini anayeelekea Budalang'i wakati wa mvua hujua kwa nini gari dogo halimfai.

Isitoshe, si rahisi kuzipatia warithi. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo umri wake umezidi miaka minane, na yaliyo mapya ya aina hii bei yake inawashinda wengi. Kwa hivyo gari kuukuu lililopo ndilo litakaloendelea kutumika, na swali ni litatumika kwa gharama gani.

MPAKA MMOJA, BEI MBILI

Nchini Kenya, bei ya juu kabisa ya mafuta imekuwa ikitangazwa na serikali kila mwezi tangu Desemba 2010. Kazi hiyo sasa ni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA), ambayo hutoa bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi. Nchini Uganda, bei huachwa mikononi mwa wauzaji na soko.

Matokeo yake ni kwamba unafuu huhama. Mnamo Januari 2022, foleni ndefu za malori katika mipaka ya Malaba na Busia, zilizotokana na mzozo kuhusu upimaji wa Covid-19 kwa madereva, zilisababisha uhaba wa mafuta nchini Uganda na bei ikapaa. Septemba 2023 ilikuwa zamu ya Wakenya kulia: dizeli jijini Nairobi ilifikia Sh200.99 kwa lita, miezi miwili baada ya ushuru wa ziada ya thamani (VAT) kwa mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16.

Mwenye gari hana uwezo juu ya mabadiliko hayo. Anachoweza kukitawala ni idadi ya kilomita anazopata katika kila lita.

HESABU YENYEWE

Chukua mfano wa dizeli inayouzwa Sh180 kwa lita. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litatumia Sh18 kwa kila kilomita. Likidhoofika na kwenda kilomita 8 kwa lita, kila kilomita itagharimu Sh22.50.

Ili gari hilo dhaifu lirudi kwenye gharama ya Sh18 kwa kilomita, mwenyewe atahitaji kupata dizeli ya Sh144 kwa lita, yaani iliyopunguzwa kwa Sh36. Nafuu ya kiasi hicho ni nadra sana mpakani.

Kwa anayesafiri kilomita 1,500 kwa mwezi, tofauti hiyo ni lita 37.5, au Sh6,750. Kwa mwaka ni Sh81,000. Fedha hizo zingetosha kulipia matengenezo mengi yaliyoahirishwa.

Safari ya kufuata bei nayo ina gharama yake. Kutoka Bumala hadi Busia na kurudi ni takriban kilomita 50, sawa na lita tano kwa gari la kilomita 10 kwa lita, au Sh900. Ikiwa nafuu ni Sh10 kwa lita, dereva atalazimika kujaza lita 90 ndipo arudishe nauli tu. Tangi la Defender 110 huingia takriban lita 80. Safari hiyo ina maana kwa yule tu ambaye alikuwa na shughuli nyingine Busia.

KWA NINI HAYALINGANI

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda hadi inapata joto kali, kisha dizeli hunyunyizwa na kuwaka yenyewe. Namna ya kunyunyiza ndiyo inayotenganisha magari haya.

Injini ya Toyota ya 1HZ, yenye silinda sita na ukubwa wa lita 4.2, ilitolewa mwaka 1990 na inasifika kwa uvumilivu. Hiyo hunyunyiza mafuta katika chumba kidogo kilicho kando kabla ya moto kuingia kwenye silinda. Njia hiyo hupunguza makelele, lakini sehemu ya joto hupotelea kwenye kuta za chumba hicho badala ya kusukuma pistoni.

Injini za Land Rover za 200Tdi na 300Tdi, zenye ukubwa wa lita 2.5, hunyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni na zina turbo ya kuongeza hewa. Ndiyo sababu Defender yenye injini hizo, ikiwa katika hali nzuri, hukaribia kilomita 10 kwa lita, ilhali Land Cruiser yenye 1HZ kwa kawaida hupata kati ya kilomita 7 na 9.

Kwa hivyo mwenye Land Cruiser asijilinganishe na jirani mwenye Defender. Kipimo chake ni gari lake mwenyewe lilivyokuwa lilipokuwa zima.

Urefu wa eneo kutoka usawa wa bahari nao una mchango. Busia iko takriban mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo hupata oksijeni kidogo zaidi kwa kila pumzi. Fundi akifungua skrubu ya pampu ili kuongeza mafuta kwa nia ya kuongeza nguvu, dizeli ya ziada hukosa hewa ya kuiunguza na hutoka kwenye ekzosi ikiwa moshi mweusi. Moshi huo ni fedha za mwenye gari zikipeperuka.

KUPIMA KABLA YA KUTENGENEZA

Geji ya mafuta katika magari haya haifai kwa hesabu. Njia ya kuaminika ni kujaza tangi pomoni, kuandika kilomita, kuendesha kama kawaida, kisha kujaza tena pomoni katika kituo kile kile. Kilomita zilizosafiriwa zikigawanywa kwa lita zilizoingia mara ya pili, jawabu ndilo matumizi halisi. Tangi moja linaweza kudanganya, lakini matatu mfululizo hutoa picha ya kweli.

Pana tahadhari moja. Gari lililofungwa matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani huhesabu kilomita chache kuliko lilizosafiri, na hivyo huonekana lafi kuliko lilivyo. Barabara yenye mawe ya kilomita inaweza kutumiwa kusahihisha hesabu hiyo.

PANAPOVUJA FEDHA

Ubovu mwingi unaokula mafuta ni wa gharama ndogo, na ni busara kuanzia hapo. Kichujio cha hewa huziba upesi katika barabara za vumbi za kiangazi, na injini isiyopumua vyema hutoa moshi mweusi na kupungukiwa nguvu.

Matairi yasiyo na upepo wa kutosha huongeza uzito wa kuviringika. Upepo upimwe matairi yakiwa baridi, angalau mara moja kwa wiki. Breki inayoshika hata dereva anapoondoa mguu hufanya kazi hiyo hiyo ya hasara. Dalili yake ni gurudumu moja kuwa moto kupita mengine baada ya safari.

Kosa jingine lililoenea ni kung'oa thamostati kwa kuamini kuwa nchi yenye joto haiihitaji. Kazi ya kifaa hicho ni kuifikisha injini upesi kwenye joto linalofaa na kuidumisha hapo. Injini inayokwenda ikiwa baridi huunguza mafuta vibaya na huchakaa haraka. Gari lisiloweza kwenda bila kuchemka isipokuwa thamostati imetolewa lina ugonjwa mwingine, aghalabu rejeta iliyoziba.

Nozeli zilizochakaa hudondosha dizeli badala ya kuinyunyiza kama ukungu. Fundi mwenye mashine ya kupimia anaweza kuzikagua moja baada ya nyingine. Majira ya pampu nayo yakiwa yamekosewa, hasa baada ya ukanda wa injini kubadilishwa, gari hupoteza nguvu na mafuta kwa pamoja.

Kuna pia suala la magurudumu manne yenyewe. Katika Land Cruiser nyingi za familia ya 70, magurudumu ya mbele huunganishwa kwa hiari ya dereva. Kuyaacha yameunganishwa kwenye lami kavu huzifanya gia kushindana zenyewe kwa zenyewe, na matokeo yake ni mafuta na matairi kuisha. Baada ya kutoka matopeni, dereva afungue pia vifundo vya habu za mbele. Defender na Discovery ni tofauti: hizo huendesha magurudumu yote wakati wote, na kinachotakiwa ni kuhakikisha kifungio cha difa ya katikati hakijaachwa kimefungwa.

MGUU WA DEREVA

Magari haya yana umbo la sanduku. Upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hivyo kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa huongeza upinzani huo kwa asilimia 56. Keria tupu iliyoachwa juu ya paa huzidisha hali hiyo.

Injini ya 1HZ hutoa msukumo wake mkubwa ikizunguka mara 2,200 kwa dakika, na 300Tdi mara 1,800. Dereva anayepandisha gia mapema na kukaa karibu na viwango hivyo atasafiri kwa nafuu kuliko yule anayeilazimisha injini kupiga kelele.

Wako pia wanaoteremka mlima wakiwa wametoa gia kwa nia ya kuokoa mafuta. Hawaokoi kitu. Gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umeondolewa, pampu hukata dizeli. Gia ikitolewa, injini huhitaji mafuta ili isizime. Zaidi ya hayo, breki hubaki peke yake kulizuia gari zito.

Mpakani, ambako safari husimama kwa ukaguzi wa stakabadhi, injini kubwa inayounguruma bila kwenda popote inaweza kula takriban lita moja kwa saa. Heri izimwe. Yenye turbo ipewe dakika moja ya kupoa kwanza ikiwa imetoka kwenye mwendo mkali.

DIZELI YA MITUNGI

Hatari kubwa kuliko zote ni mafuta yasiyojulikana yalikotoka. Uganda hupokea sehemu kubwa ya mafuta yake kupitia Kenya, na malori huyabeba kutoka maghala ya Eldoret na Kisumu hadi Malaba na Busia. Mafuta ya kupitishwa hayatozwi ushuru wa Kenya, na hicho ndicho kishawishi cha kuyauza kimagendo kabla hayajavuka. EPRA huyatia alama ya kikemikali ili kuyatambua, na anayepatikana akiyauza hukabiliwa na sheria.

Desturi nyingine ni kuchanganya dizeli na mafuta ya taa. Serikali ilianzisha tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mnamo Septemba 2018 ili kuondoa faida ya uchanganyaji huo, lakini mnunuzi wa mtungi kando ya barabara bado hana namna ya kujua alichouziwa.

Pampu ya injini kuukuu hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta ya taa ni mepesi na hayana ulainishaji wa kutosha. Chuma husagana na chuma, shinikizo hupungua, na gari huanza kula zaidi hata linaporudishiwa dizeli safi. Maji na uchafu wa mitungi huziba kichujio na kuharibu nozeli. Ukarabati wa pampu ni miongoni mwa kazi ghali kabisa katika magari haya, na huweza kumeza akiba ya miezi mingi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye gari kuukuu mpakani atafaidika zaidi kwa daftari la kilomita na lita, kichujio safi, matairi yenye upepo na dizeli ya kituo kinachotoa risiti, kuliko kwa kuikimbiza bei kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akiisha kufanya hayo, basi na aulize ni wapi lita ni nafuu.