Carl Brashear na Mtihani wa Kina cha Bahari

Watu wengi hudhani kwamba uzamiaji wa kijeshi hutaka misuli na ujasiri tu. Kumbe mlango wake mmoja mgumu uko darasani. Maisha ya Carl Brashear (1931–2006), mzamiaji wa Jeshi la Majini la Marekani, yanalidhihirisha jambo hilo. Mtu huyu alikwama njiani mara kadhaa, na kila kikwazo kilitaka dawa yake.

Brashear alizaliwa katika jimbo la Kentucky, katika familia ya wakulima maskini. Aliacha masomo kabla ya kufika sekondari, na mwaka 1948 akajiunga na jeshi la majini. Siku hizo askari Weusi walipewa zaidi kazi za jikoni na za kuandaa meza za maofisa. Aliomba mara nyingi kupelekwa shule ya uzamiaji pasipo kupata jibu. Alipokubaliwa hatimaye, alikuta vikaratasi vya vitisho kitandani mwake. Hata hivyo alihitimu mwaka 1954. Kikwazo hicho cha kwanza hakikutokana na upungufu wake, bali na ubaguzi wa watu. Naye alikishinda kwa kuomba tena na kwa kukataa kuondoka.

Kikwazo cha pili kilikuwa cha namna nyingine. Aliposomea Daraja la Kwanza la uzamiaji, alianguka. Nguvu alikuwa nazo. Alichopungukiwa ni hisabati, fizikia na elimu ya mwili.

Kwa nini mzamiaji atahiniwe fizikia? Juu ya uso wa bahari, hewa huukandamiza mwili kwa kanieneo ya angahewa 1. Kila mita 10 za maji huongeza takriban angahewa 1 nyingine. Kwa hiyo katika kina cha mita 40 kanieneo ni angahewa 5, na hewa iliyojaza lita 5 juu ya maji husongwa ikawa lita 1. Mzamiaji akipanda huku amezuia pumzi, hewa hiyo hutanuka tena, na yaweza kuyapasua mapafu yake.

Iko hatari nyingine iliyofichika zaidi. Chini ya kanieneo kubwa, naitrojeni ya hewa anayovuta huyeyuka kwa wingi katika damu na nyama za mwili. Akipanda upesi, gesi hiyo hutoka kwa mapovu, kama ifanyavyo soda chupa inapofunguliwa ghafla. Mapovu hayo huleta maumivu makali ya viungo, kupooza, hata kifo. Ndiyo sababu mzamiaji hupanda kwa vituo, akingoja katika kila kituo dakika zilizohesabiwa. Majedwali ya hesabu hizo yalichapishwa mwaka 1908 na John Scott Haldane na wenzake wa Uingereza. Asiyeweza kuyatumia huhatarisha maisha yake na ya mwenzake. Mtihani ule, basi, haukuwa wa kuwaonea watu.

Brashear hakulijibu anguko hilo kwa kuongeza mazoezi ya mwili. Alirudi kwenye vitabu, akajifunza kwa miaka kadhaa masomo yale yale yaliyomwangusha, akapata na cheti cha kulingana na elimu ya sekondari. Mwaka 1964 alifaulu.

Mwaka 1966 alikuwa miongoni mwa wanamaji waliotumwa kuopoa bomu la nyuklia lililopotea baharini karibu na Palomares, Hispania. Bomba la chuma lilichomoka melini likamvunja mguu wa kushoto, ambao baadaye ulikatwa chini ya goti. Jeshi lilitaka kumstaafisha. Yeye alijizoeza kwa mguu wa bandia, akazamia, akapigwa picha akiwa kazini ili apate ushahidi. Mwaka 1968 alirudishwa katika uzamiaji, na mwaka 1970 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kufikia cheo cha Mzamiaji Mkuu. Alistaafu mwaka 1979.

Si kila alilotenda lafaa kuigwa. Kigutu chake kilipotoka damu kwa mazoezi, alikiloweka katika maji ya chumvi na kuwaficha madaktari, akihofia kuzuiwa. Siri ya namna hiyo ingeweza kumletea uambukizo na kuyakatisha mazoezi yenyewe.

Neno “kushindwa” hufunika mambo mengi yasiyofanana. Brashear alizuiwa na watu, kisha na upungufu wa maarifa, kisha na jeraha. Ushupavu ulihitajika kote, lakini ushupavu peke yake usingemfundisha kukokotoa kanieneo. Vivyo hivyo, mwanafunzi aliyeanguka mtihani akiambiwa tu “jitahidi”, hajasaidiwa bado. Mwalimu na mwanafunzi wake waifungue karatasi iliyosahihishwa, watafute swali ambapo hesabu ilianza kupotea, na kazi ianzie hapo.