Murhesa, binti wa Igny

Watu wa Bukavu wanaifahamu Murhesa kwa sababu ya seminari kuu. Lakini hapohapo Murhesa, tangu mwaka 1955, kuna monasteri ya masista Watrapisti, Clarté-Dieu. Masista hawa hawaendeshi shule wala zahanati. Wanasali na kufanya kazi za mikono, na chanzo cha maisha hayo ni mwishoni mwa karne ya 11.

Mwaka 1098 mamonaki, wahenga wa Watrapisti, walihamia Cîteaux, Ufaransa, porini mbali na miji, wakitaka kuishika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto bila kuipunguza. Kanuni hiyo inawataka watawa waishi kwa jasho lao, wakikusanyika kusali mara saba mchana na mara moja usiku. Wanawake hawakukawia: mnamo 1125 walipata monasteri yao huko Le Tart, nayo shambani. Mwaka 1298 Papa Bonifasi VIII aliamuru masista wote wafungiwe ndani. Mamonaki hawakuwekewa amri kama hiyo, na huo, kwangu, haukuwa uadilifu.

Monasteri huzaliwa na monasteri. Kundi dogo hutoka kwenda kuanzisha nyumba mpya, na ile waliyotoka hubaki kuwa mama. Anayejua kuhesabu ukoo wake atauelewa utaratibu huu upesi. Mama wa Murhesa ni Igny, karibu na Reims, iliyoanzishwa na Mtakatifu Bernardo, mmonaki wa ukoo huo wa Cîteaux, mwaka 1128 kwa ajili ya wanaume. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwafukuza mamonaki. Mwaka 1918 Vita vya Kwanza vya Dunia viliiharibu monasteri kabisa. Ilipojengwa upya, mwaka 1929 waliingia masista kutoka Laval, nyumba iliyoanzishwa na watawa waliorudi kutoka uhamishoni, ambako Mapinduzi yaliwapeleka. Miaka 26 baadaye Igny ikawatuma mabinti wake Kivu.

Basi anayedhani kwamba nyuma ya ukuta ule wamejificha watu wasiojua mateso ya dunia, ukoo huu haujui. Ndugu zao, mamonaki wa Mokoto kule Masisi, walikuja kutoka Ubelgiji mwaka 1954, na vita vya 1996 vikawang'oa. Mtrapisti huweka nadhiri ya kudumu katika jumuiya yake mpaka kufa. Nadhiri hiyo humfunga kwa watu kabla ya kumfunga kwa kuta: jumuiya ikikimbia, anakimbia nayo, na popote inapolala usiku ule, sala zake huendelea.