Majina Mawili ya Yusuf

Kutoka matangi ya mafuta ya Shimanzi hadi Ngome ya Yesu si mbali, ila sijui ni wangapi wapitao wamkumbukao Yusuf bin Hasan. Baba yake, mfalme wa Mombasa, aliuawa kwa njama ya Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri Waagostino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia. Tarehe 16 Agosti 1631, akiwa mfalme, aliingia ngomeni, akamwua kapteni Mreno na kurejea Uislamu. Wareno na Waafrika Wakristo wengi waliuawa, hilo silitetei. Wareno walimwita msaliti. Nami, mtu wa lugha, nauliza: jina apewalo yatima ugenini humfunga kwa lipi? Alifariki mwaka 1638, mbali na kwao.