Noti ya elfu tano ya kijana wa fildi

Kila ifikapo Julai, ukisimama kituo cha Posta Mpya saa moja asubuhi utawatambua bila kuonyeshwa. Mashati yamepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, viatu vinang'aa ila visigino vimelika upande mmoja, na kwapani kuna bahasha ya kaki yenye barua ya chuo. Ni wanafunzi wa vyuo vikuu waliokuja fildi, wiki nane hivi za mafunzo kwa vitendo, kabla ya kurudi darasani. Wizara zimehamia Dodoma, lakini makao makuu ya benki nyingi, kampuni za bima, vyombo vya habari, mawakala wa forodha na bandari yenyewe vipo hapahapa Dar es Salaam. Vijana wanafuata kazi ilipo.

Mwaka huu mmoja wao analala kwangu. Ni binti wa dada yangu, anasoma uhasibu, ametoka Njombe kwa basi na begi moja na ndoo ya viazi ambayo mama yake alimwambia asithubutu kuiacha njiani. Kuishi naye kumenionyesha mambo ambayo kwa miaka mingi nilikuwa nayapita tu kituoni.

La kwanza ni pa kulala. Chuo kinapompa kijana barua hakimuulizi atalala wapi, na ofisi inapoipokea barua hiyo haimuulizi pia. Chumba cha kupanga mjini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu, mara nyingi sita, tena kwa mkupuo. Nani atatoa kodi ya miezi sita kwa ajili ya wiki nane? Basi fildi ya Dar imekuwa ya mwenye mjomba, shangazi au kaka aliye na godoro la ziada. Mpwa wangu alinisimulia habari za mwenzake wa darasani, kijana anayewazidi wote kwa alama za ukaguzi wa hesabu, ambaye alipata nafasi katika kampuni ya wakaguzi hapa mjini akaiacha. Hana ndugu Dar. Amekwenda kufanyia fildi yake wilayani kwao, kwenye ofisi yenye mhasibu mmoja. "Mjomba, yule ndiye alikuwa anatufundisha sisi," aliniambia. Tunasema nafasi hizi ziko wazi kwa kila mwenye sifa. Sifa ya kwanza, kumbe, ni kuwa na ndugu mwenye nyumba.

Sisi tunakaa Ukonga. Saa kumi na nusu alfajiri nasikia maji bafuni, saa kumi na moja na robo mlango unafungwa. Daladala za Gongo la Mboto kwenda Posta zikifika kituoni kwetu zimeshajaa, konda mwenyewe ananing'inia mlangoni, kwa hiyo naye kajifunza kugeuza kama wenyeji: anapanda gari linalorudi Gongo la Mboto, analipa, anapata kiti, halafu anakuja nalo mjini na kulipa tena. Mwishoni mwa 2023 nauli ya daladala kwa safari fupi za mjini ilipanda kutoka sh 500 hadi sh 600, na kutoka kwetu hadi Posta si safari fupi. Mtoto mwenye sare ya shule analipa nauli ya mwanafunzi. Huyu wa chuo, ambaye bado anatumiwa hela na mama yake, analipa sawa na mwenye mshahara.

Weka nauli ya kwenda, ya kugeuza na ya kurudi. Weka sahani ya wali maharage kwa mama lishe nyuma ya jengo lao, chupa ya maji, na bando la kutumia ofisini maana mtandao wa ofisi ni wa waajiriwa. Noti ya elfu tano imekwisha. Kwa mwezi ni zaidi ya laki moja, na ofisi haimlipi hata senti. Wale wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hutengewa fungu la mafunzo kwa vitendo, na ni msaada mkubwa, lakini ni deni watakalokatwa siku wakiajiriwa. Kijana anakopa ili aende kumfanyia mtu kazi.

Na ni kazi hasa. Wiki ya kwanza alitoa fotokopi na kupanga mafaili. Ya pili, dada mmoja wa idara yao aliyekuwa anakwenda likizo ya uzazi akamwekea kiti pembeni yake na kumfundisha usuluhishi wa hesabu za benki, mstari kwa mstari. Sasa anaufanya peke yake na msimamizi anasaini. Jioni ananieleza kwa furaha jinsi walivyoitafuta tofauti ya elfu kumi na nane mchana kutwa mpaka wakaiona kwenye hundi iliyoandikwa mara mbili. Dada yule nimemshukuru moyoni mara nyingi. Hakuna aliyemtuma.

Watu wa rika langu wana neno lao: hawa watoto wanakuja Dar kula bata. Wanawaona Coco Beach Jumapili, wanaona picha za Daraja la Tanzanite kwenye simu zao, na kuhukumu. Mimi bata hilo nimelifuata kwa miguu, maana Jumamosi moja aliniomba niwatembeze yeye na wenzake wawili wa fildi, na najua kilicholiwa.

Tulianzia kwenye sanamu ya Askari, Barabara ya Samora. Wanapita pale kila siku wakikimbilia kazini na hawakuwahi kusimama. Sanamu iliwekwa 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi yake yamo kwa Kiswahili pia. Mmoja wa vijana alitokea Songea; babu wa babu yake, alisema, alichukuliwa kubeba mizigo ya vita hiyo na hakurudi. Alisoma maandishi yote kwa sauti, polepole, na wapita njia wawili wakasimama kusikiliza.

Kutoka hapo tulikwenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Kila mtoto aliyesoma historia Tanzania amechorewa fuvu la Zinjanthropus, lile alilolipata Mary Leakey kule Olduvai 1959, na ndiyo taasisi hii inayolitunza. Kiingilio cha Mtanzania hakikuwaumiza. Walikaa humo kuliko nilivyotarajia, wakibishana miaka milioni moja na robo tatu ni muda gani hasa.

Tulipotoka njaa ilikuwa imeanza, lakini walikataa daladala. Tukashika Barabara ya Barack Obama, bahari ikiwa kulia kwetu. Tulipita jengo la Kijerumani la hospitali ya Ocean Road wanakotibiwa wagonjwa wa saratani, tukaipita Aga Khan, tukapanda Daraja la Tanzanite. Lina urefu wa kilomita moja na kidogo, limefunguliwa 2022, na lina njia ya waenda kwa miguu. Upepo wa pale huwezi kuutozea kiingilio. Mpwa wangu, aliyekulia kwenye baridi ya milimani, alisimama katikati na kumpigia mama yake simu ya video amwonyeshe maji. Dada yangu hajawahi kuiona bahari. Aliuliza kama kule ng'ambo ni Zanzibar, na nilimjibu kwamba Zanzibar iko mbali zaidi, huko jicho lisikofika, lakini ndiko.

Upande wa pili ni Coco: mihogo ya kukaanga, kachumbari, pilipili ya ndimu, na mishikaki kwa wale waliobakiwa na akiba. Pale mchangani ndipo walipozungumza mambo ambayo logibuku haina nafasi yake. Nani kaambiwa kuna kampuni inatafuta wahasibu wasaidizi. Ofisi gani msimamizi anafundisha, na ipi anatuma watu chai tu. Bosi gani ana mazoea ya kuwaomba mabinti namba za simu, na namna ya kumkwepa. Kijana wa Songea aliwaambia wenzake kuwa kwao wanapewa nauli na chakula cha mchana, na wote wakamgeukia. Kampuni yao ni ndogo kuliko nyingine zote mbili.

Hilo la nauli na chakula halihitaji kusubiri sheria. Kampuni inayoweza kulipia viburudisho vya kikao cha Ijumaa inaweza kumlipia nauli msichana anayesuluhisha hesabu zake za benki. Hili nimelisema kazini kwangu na nitaendelea kulisema.

La pa kulala ni gumu zaidi, ila mjini hapa vitanda vipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hosteli za Mabibo, na zile za Magufuli zilizofunguliwa 2017 zikiwa na nafasi za wanafunzi 3,840. Miezi hiyo ya fildi ndiyo miezi ambayo wenyeji wake wengi wako likizo. Vyuo vikiandikiana barua, kijana wa Mbeya, Iringa au Mwanza aliyepata nafasi hapa angelipia kitanda kwa wiki zake nane kwa bei ya mwanafunzi, asiulizwe ana shangazi gani mjini. Yule bingwa wa ukaguzi wa hesabu amebakiza mwaka mmoja na fildi moja. Mpwa wangu ameshamwambia aombe tena ile kampuni, na mke wangu amesema godoro la pili tutalitandika sebuleni.