Goma: Ubishi wa dama Mabanga, nani anakata neno?

Katika mtaa wa Mabanga, wilaya ya Karisimbi mjini Goma, utasikia mchezo wa dama kabla ya kuuona. Kwenye baraza ya duka, au kando ya wamotari wanaongoja wateja, watu kumi wamezunguka ubao mmoja. Wawili wanacheza. Wanane waliobaki, kila mmoja anaona angecheza vizuri zaidi. Kete ni vifuniko vya chupa: huyu anavilaza, yule anavigeuza juu.

Kelele mara nyingi hazihusu nani ameshinda. Zinahusu sheria.

Na si ajabu, kwa kuwa dama si mchezo mmoja. Ule wa kimataifa una nyumba 100 na kete 20 kwa kila mchezaji. Ule wa Waingereza una nyumba 64 na kete 12. Huko Kanada wanafika nyumba 144. Kwenye ubao wa 100, kete ya kawaida inakula mbele na nyuma, na ukiwa na njia mbili za kula, ni lazima ufuate ile yenye kete nyingi. Kwa Waingereza, inakula mbele tu, na njia unachagua mwenyewe. Waketishe watu wawili, kila mmoja na sheria za nyumbani kwao: hakuna anayedanganya, lakini hawatasikilizana.

Ubishi mkubwa kuliko yote ni wa kupuliza, kile Wafaransa wanaita souffler. Umesahau kula? Mpinzani anaondoa kete yako iliyopaswa kula, kisha anacheza zamu yake kama kawaida. Hiyo ni sheria ya zamani. Shirikisho la kimataifa, FMJD, lililoundwa mwaka 1947, haliifuati: ukikosa kula, mpinzani anaweza kukulazimisha urudi ucheze sawasawa, au akuache na kosa lako kama linamfaa. Mtu akipulizwa wakati hakujua kwamba hapa wanapuliza, ataona ameibiwa tu.

Pale wanapoweka pesa mezani, mambo yanabadilika. Tangu M23 waingie mjini mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga, wengi wakapoteza kazi, na baraza zikajaa watu wasio na pa kwenda mchana. Faranga elfu chache ni chakula cha watoto jioni. Tena, hakuna mwenye akili anayetaka ugomvi wa kifuniko cha chupa ufike kwa watu wenye bunduki. Ni lazima uishie hapo hapo barazani.

Kawaida wanamtafuta mzee ambaye hakuweka pesa. Hilo la pili ni muhimu kuliko umri wake. Mzee aliyeweka dau ni mchezaji wa tatu, hata akiwa na mvi kichwa kizima. Wengine wanarudisha kete na kurudia zamu, na hiyo inafaa ikiwa wote bado wanakumbuka zilipokuwa. Vijana wanafungua simu, lakini simu nayo inaleta kesi mpya: inasoma sheria za ubao wa 64 wakati hapa wanacheza wa 100.

Kuna michezo iliyoliona tatizo hili mapema. Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, unampa mtu mmoja mezani kazi ya kusimulia hadithi na kuamua kila ubishi; yeye hashindani na mtu. Dama haina mtu huyo. Kwa maoni yangu, njia iliyo rahisi ndiyo inayodharauliwa: kabla ya kete ya kwanza, mseme kwa sauti, mbele ya watazamaji, kama mnapuliza, kama kete inakula nyuma, na kama ukigusa umecheza. Na dama moja ikibaki mbele ya dama tatu, mtasimama wapi? FMJD inahesabu zamu 16 kwa kila mmoja, kisha ni sare. Bila hesabu hiyo mtalala hapo.

Hata wakubwa wanakwama. Baba Sy wa Senegal alitakiwa kupambana na Iser Kuperman wa Umoja wa Kisovyeti kwa ajili ya ubingwa wa dunia, lakini pambano halikufanyika, na taji likabaki kwa Kuperman. FMJD ilimtambua Baba Sy kuwa bingwa wa mwaka 1963 ilipofika 1986. Alikuwa amefariki tangu 1978.