Trekta Kuukuu Haliwaki: Tazama Waya Kabla ya Kununua Betri

Mvua za vuli zinapokaribia Kanda ya Ziwa, betri za matrekta huanza kumiminika mjini. Hutoka Misungwi, Magu na Kwimba, nyingine zimefungwa nyuma ya pikipiki, zikaishia mezani kwa fundi rewaya wa Mkuyuni au kwingineko jijini Mwanza. Mwenye trekta huwa ameshahukumu: betri imekufa, anataka mpya leo hii, maana majirani wameanza kulima. Hukumu hiyo ni ya gharama kubwa, na mara nyingi si ya haki. Trekta lenye miaka arobaini au hamsini hushindwa kuwaka kwa sababu umeme haufiki kwenye stata, hata kama betri ni nzima.

Chukua Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964 na ambalo bado linavuta plau Afrika Mashariki. Injini yake ya Perkins ya dizeli ina silinda tatu na ukubwa wa lita 2.5. Dizeli haina cheche ya plagi. Lazima injini izungushwe kwa kasi ili hewa ibanwe mpaka ipate joto la kuwasha mafuta. Kwa kazi hiyo stata huweza kuvuta ampea 300. Sasa tuseme waya wa kwenda na wa kurudi una jumla ya mita 3. Ukiwa wa shaba wa milimita za mraba 50, utapoteza takriban volti 0.3 tu. Waya wa milimita za mraba 10, unaofungwa kwa sababu ndio uliopatikana dukani siku hiyo, utakula zaidi ya volti 1.5. Stata inazunguka kivivu, injini inatoa moshi mweupe bila kushika, na lawama zote zinaiangukia betri.

Mkosaji mkubwa kuliko wote ni ethi.

Waya wa ethi hufungwa kwa bolti kwenye chuma cha giaboksi au cha injini. Trekta likipakwa rangi upya, rangi hupita juu ya kila kitu, mahali hapo pakiwemo. Fungua bolti hiyo: chini yake kuna tabaka la rangi, udongo mweusi wa mbuga ulioshikana na grisi, na kutu pale ambapo chuma kilipaswa kung'aa. Ni sehemu ndogo, haifiki hata upana wa sarafu, lakini umeme wote wa stata hupita hapo. Kwangua mpaka chuma kionekane, funga kwa nguvu, kisha paka grisi juu.

Kuthibitisha si kazi ngumu. Weka multimita kwenye volti, ncha moja iguse nguzo ya betri ya upande wa ethi, nyingine iguse bloku ya injini, na mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, ethi ni mbovu. Rudia kati ya nguzo ya pili na terminali ya stata. Bei ya kifaa hicho ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya betri, na inasikitisha kuona wenye matrekta wengi hawana.

Jambo la pili la kutazama ni nguzo ipi imefungwa kwenye bodi. Massey Ferguson 35 na matrekta mengine ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960, yenye dinamo za Lucas, yalifungwa ethi chanya. Mengine yalibadilishwa baadaye na mafundi. Ukikosea, stata haitakuonya, kwa kuwa stata za aina hiyo huzunguka upande uleule vyovyote utakavyofunga. Lakini kama trekta limeshawekewa alteneta, diodi zake huungua papo hapo. Vilevile waya wa ethi, uwe chanya au hasi, hufunguliwa wa kwanza na kufungwa wa mwisho, ili spana ikigusa bodi isipige cheche.

Ikithibitika kweli betri imekwisha, N100 inalifaa trekta la silinda tatu. N70 italiwasha ikiwa mpya, ila haiachi akiba. Kwa silinda nne, kama Ford 5000, bora N120. Namba ya nguvu ya kuwasha kwenye baridi isikubabaishe: hupimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, hali ambayo Mwanza haijui. Adui wa betri huku ni joto, kwa hiyo uliza ilitengenezwa lini. Usishawishike pia na betri ya sola, ile inayofaa taa za wavuvi wa dagaa. Bamba zake nene hutoa umeme kidogokidogo usiku kucha. Stata inahitaji bamba nyembamba zinazotoa mwingi kwa sekunde chache.

Wapo wanaofunga betri mbili. Mbili za volti 12 zikiungwa sambamba hubaki volti 12, na ziwe za ukubwa na umri mmoja. Zikiungwa kwa mfululizo zinakuwa 24, nazo zitaunguza taa na kuumiza stata.

Trekta halina springi, hivyo betri isiyobanwa kwenye kiti chake huvunjika bamba ndani. Kiangazi trekta likikaa, ichaji kila mwezi. Ikipumzika saa kadhaa inapaswa kusoma volti 12.6, na 12.2 maana yake ni nusu. Iongeze maji ya betri pekee, kamwe si ya ziwa wala ya bomba. Injini ikishawaka na kuongezwa moto, multimita isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki chini ya 13, anza na mkanda uliolegea, kisha brashi za dinamo.